Daftari la Baba na Bei ya Shaba

Hotuba kwa kikundi cha wasomaji wa Jumamosi, ukumbi wa parokia, Ruashi, Lubumbashi, Januari 2026

Jambo yenu bote. Baba zangu, mama zangu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja na mvua hii.

Nimekuja na daftari. Walio mbele wanaliona: jalada la kijani, pembe zimeliwa na mende, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Lilikuwa la marehemu baba. Alikuwa fundi wa tanuru, na kila Ijumaa jioni akishanawa, kabla bukari, ugali wetu, haijaletwa mezani, alifungua redio akangoja bei ya shaba ya soko la London. Akiisikia aliandika kwa kalamu ya risasi, tarehe huku, bei huku. Dakika hizo sisi watoto tulikatazwa hata kukohoa. Mama hakuwa anatazama daftari, alikuwa anatazama uso wa baba. Bei ikipanda, uso unalegea na hadithi zinaanza. Ikishuka, tunakula kimya.

Baba hakuwa bosi wala hakuwa na hisa popote. Alijua tu kwamba tarakimu ile kutoka ng'ambo ndiyo itakayosema kama mfuko wa unga wa mwisho wa mwezi utakuja umejaa, kama dawa zitakuwepo zahanati, kama pesa ya masomo itapatikana. Wazee walio hapa wanakumbuka tulivyosema: kazi njo baba, kazi njo mama. Na mkoa wenyewe tuliozaliwa ndani yake, tangu mwanzo wa miaka ya 1970 mpaka 1997, haukuitwa Katanga. Uliitwa Shaba. Mtu akiuliza unatoka wapi, unajibu kwa jina la madini.

Sasa, mliniomba nizungumzie Amerika ya Kusini. Mwezi uliopita, tarehe 14 Desemba, raia wa Chile walimchagua José Antonio Kast, mhafidhina wa mrengo wa kulia kabisa, ashike nafasi ya Gabriel Boric, kijana wa mrengo wa kushoto. Miezi miwili kabla ya hapo Bolivia ilifunga karibu miaka 20 ya chama cha Evo Morales. Kijana mmoja wa kikundi hiki akaniuliza mlangoni: "Mwalimu, watu wale wanageukageuka hivi, leo kushoto, kesho kulia, hawajui wanachotaka?"

Nimelala na swali lile wiki mbili. Mimi nadhani wanajua sana wanachotaka, na nadhani sisi wa Lubumbashi tuna sababu kuliko watu wengi duniani ya kuwaelewa.

Maneno yenyewe kwanza, haraka. Kushoto na kulia ni habari ya viti. Mwaka 1789, katika bunge la mapinduzi ya Ufaransa, waliotaka kumpunguzia mfalme madaraka walikaa upande mmoja, waliotaka abaki nayo wakakaa upande wa pili. Huko Amerika ya Kusini leo, wa kushoto anasema serikali imiliki au itoze zaidi, igawie maskini. Wa kulia anasema serikali ipunguze mkono, mwenye mtaji aachwe afanye kazi, polisi waongezwe. Kwetu Kongo maneno haya hayajapata miguu. Sisi tukisikia mgombea, tunauliza kwanza anatoka wapi na nani yuko nyuma yake. Ni swali letu, lina historia yake, sitalicheka. Lakini mtu anaweza kutoka kijiji chenu na bado usijue atafanya nini na pesa ya mgodi.

Tuingie kwenye daftari. Kurasa za 1974. Mwanzoni mwa mwaka baba anaandika kwa herufi kubwa, mkono wa mtu mwenye furaha. Bei inapanda mpaka Aprili, haijawahi kuonekana bei kama ile. Kisha inaanza kuteremka. Kabla ya Krismasi imepungua zaidi ya nusu, na herufi za baba zimekuwa ndogo kama mchwa. Ukurasa ule nimeutazama mara nyingi. Hakuna maelezo pembeni, hakuna malalamiko. Tarakimu tu, zinashuka.

Wakati baba anaandika zile tarakimu hapa, fundi wa tanuru kule Chuquicamata, jangwani kaskazini mwa Chile, alikuwa anasikia bei ileile. Nchi zetu zilikuwa kama watoto wa nyumba moja. Sisi tulichukua migodi ya Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, na kampuni ya serikali ikaanza kazi Januari 1967, hiyo ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Mwaka huohuo, hapo Lusaka kwa majirani, nchi nne za shaba zikakubaliana kuunda umoja wao: Chile, Peru, Zambia na sisi. Chile ilifuata njia tuliyopita. Tarehe 11 Julai 1971 bunge lake lilipitisha kutaifisha migodi mikubwa ya shaba, na si kushoto peke yake waliopiga kura ya ndiyo, wahafidhina pia walipiga, bunge zima. Rais Salvador Allende aliita shaba mshahara wa Chile. Mshahara! Neno hilo lingeweza kutoka mdomoni mwa mzee yeyote wa Kamalondo.

Miaka miwili baadaye, 11 Septemba 1973, jeshi lilimpindua. Jenerali Pinochet akatawala mpaka Machi 1990, na zaidi ya watu 3,000 waliuawa au walipotezwa. Naomba tusipite hapo mbiombio. Leo wapo vijana, huko na hata hapa kwetu, wanaosema mkono wa chuma ndio unaoleta maendeleo. Kuna kina mama wa Chile waliokwenda jangwani na koleo mikononi, miaka kwa miaka, wakitafuta mifupa ya waume, ndugu na watoto wao, katika jangwa lilelile linalotoa shaba. Atakayesifu uchumi wa utawala ule, aanzie hapo.

Lakini nataka mwone jambo moja. Pinochet aliuza karibu kila kitu, akarudisha sehemu ya mashamba kwa wenyewe, akakabidhi pensheni kwa makampuni binafsi. Migodi ile iliyotaifishwa hakuirudisha. Mwaka 1976 aliiweka chini ya kampuni moja ya serikali, Codelco, na ipo mpaka leo. Sababu yake haikuwa nzuri sana: sheria ya siri iliwapa wanajeshi asilimia 10 ya mauzo ya shaba ya kampuni hiyo, na nani angeuza ng'ombe anayemkamua? Hata hivyo kitu alichokianzisha mtu wa kushoto kilivuka miaka 17 ya utawala wa kulia kikiwa kimesimama. Sheria ile ya asilimia 10 ilikuja kufutwa mwaka 2019, tena na serikali ya kulia.

Na ule umoja wa nchi nne? Mwisho wa 1974 bei ilipoanguka, walikubaliana kupunguza mauzo kwa asilimia 10, wakapandisha mpaka 15. Haikusaidia, na kila mmoja akarudi kuuza alichonacho.

Ninamaliza na Chile hapo kwa muda, nihamie Bolivia, kwa sababu Bolivia ndiyo inayoniuma.

Mwaka 1952 yalitokea mapinduzi, na rais Víctor Paz Estenssoro akataifisha migodi ya bati. Wachimbaji walishangilia kwa baruti. Mwaka 1985 rais akatia saini amri namba 21060, ruzuku zikaondolewa, bei zikaachiwa huru. Miezi miwili baadaye soko la bati duniani likaporomoka. Kampuni ya serikali ya migodi ikawaachisha kazi wafanyakazi zaidi ya 20,000. Rais aliyetia saini amri hiyo alikuwa nani? Víctor Paz Estenssoro. Mtu yuleyule. Aliyefungua mlango mwaka 1952 ndiye aliyeufunga mwaka 1985. Hakuwa na wazimu. Bati ilikuwa inakufa mikononi mwake na mfumuko wa bei ulikuwa unahesabiwa kwa maelfu ya asilimia.

Mnaona kwa nini inaniuma. Mwaka 2003 na 2004 hapa kwetu wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka mgodini katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, kila mtu na bahasha yake. Nyinyi mliokuwepo mnajua bahasha ile ilienda wapi. Mmoja alinunua gari la kukodisha, likafa njia ya Likasi. Mwingine akafungua shamba, mwingine akaanza kuvuka mpaka wa Kasumbalesa na mizigo. Kule Bolivia wengi walishuka mpaka bonde la Chapare kulima koka, na walishuka na kitu kimoja ambacho hakuna amri ya kukinyang'anya: walijua kuendesha chama cha wafanyakazi, wanajua kuitisha mkutano, kuchagua mwenyekiti, kufunga barabara. Ndani ya vyama vile vya wakulima wa koka ndipo alipokulia kisiasa Evo Morales. Alichaguliwa rais Desemba 2005. Amri ya 1985 ililea, bila kukusudia, serikali ya 2006.

Na Morales alipoingia, alikuta nini kwenye soko? Hapa nawarudisha kwenye daftari. Baba alikuwa amekwisha kufariki, mwandiko ni wangu, na bei sasa ziko kwa dola. Mwaka 2003 tani ya shaba ni chini ya dola 2,000. Mwaka 2006 imevuka 8,000. China ilikuwa inajenga miji, inanunua kila kitu, shaba, chuma, soya, mafuta, gesi. Katika miaka hiyo kushoto ilishika karibu bara zima: Chávez alikwisha kuchaguliwa Venezuela mwaka 1998, Lula akaingia Brazil Januari 2003, Kirchner Argentina mwaka huohuo, Vázquez Uruguay 2005, Morales Bolivia na Bachelet Chile 2006, Correa Ecuador 2007. Wengi walidhani bara limeongoka. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo, nikawaambia wanafunzi wangu darasani.

Nilikosea, na daftari ndilo lililonionyesha. Tazameni mpangilio. Mwishoni mwa miaka ya 1990 bei zilikuwa chini, watu walikuwa wamechoka, na waliokuwa madarakani wengi walikuwa wafuasi wa soko huria. Wakaadhibiwa wao. Bei zikapanda, waliowafuata wakapata pesa za kujenga na kugawa, wakachaguliwa tena na tena. Baada ya 2011 bei zikaanza kuteremka, mwanzoni mwa 2016 shaba ikawa chini ya dola 5,000, na mafuta yalikuwa yameanguka vibaya zaidi. Safari hii waliokaa kitini walikuwa wa kushoto. Macri akashinda Argentina 2015, Dilma Rousseff akaondolewa na bunge Brazil 2016, Piñera akarudi madarakani Chile, Bolsonaro akaingia Brazil 2019. Kisha korona ikawakuta hao wa kulia madarakani, nao wakang'oka mmoja mmoja: Chile 2021, Colombia na Brazil 2022. Kisha bei za vyakula na mikopo zikawakuta wa kushoto. Argentina, ambako bei za mwaka 2023 zilipanda kwa zaidi ya asilimia 200, ilimchagua Javier Milei.

Raia wale walikuwa wanamwondoa aliyepo. Anayeingia anaitwa wa kushoto au wa kulia kulingana na jina la aliyetoka.

Siwezi kusema daftari linaeleza kila kitu, nitakuwa nawadanganya. Mwaka jana shaba ilivuka dola 11,000, na kushoto ya Chile ilishindwa hivyohivyo. Kampeni ya Kast ilihusu ujambazi na wahamiaji walioingia bila vibali, na mama anayeogopa kumtuma mtoto dukani jioni hamuulizi mtu bei ya shaba. Tena Uruguay na Mexico mwaka 2024 zilichagua kushoto wakati jirani zao wanaenda kulia. Wimbi si ukuta.

Kuna kitu Chile ilifanya mwaka 2006 hadi 2009 ambacho naomba mkisikilize vizuri kuliko yote. Bei imepanda, hazina imejaa, rais ni Michelle Bachelet, mwanamke wa kisoshalisti ambaye baba yake alikufa gerezani chini ya Pinochet. Kila mtu anataka pesa. Walimu wanataka, manesi wanataka, wanafunzi wako barabarani. Waziri wa fedha, Andrés Velasco, anasema hapana, tunaweka akiba. Wakaanzisha mfuko wa kudumu wa kuhifadhi mapato ya shaba bei ikiwa juu. Novemba 2008 waandamanaji walichoma sanamu yake katikati ya Santiago. Mwezi uliofuata shaba ilianguka chini ya dola 3,000. Hapa kwetu, mnakumbuka, migodi ilifunga milango na wageni wakapanda ndege. Mitambo mingine ilibaki imezimwa njia nzima mpaka Kolwezi. Chile ilikuwa na zaidi ya dola bilioni 20 kwenye mfuko ule. Wakafungua, wakatoa, wakawapa familia maskini fedha taslimu, wakajenga barabara mwaka ambao wengine walikuwa wanafunga shule.

Na walipata zawadi gani? Januari 2010 muungano wa Bachelet ulishindwa na Piñera wa kulia. Bachelet mwenyewe alipendwa na zaidi ya asilimia 80 ya raia, lakini katiba haimruhusu rais kugombea mara mbili mfululizo. Akamkabidhi Piñera urais. Mwaka 2014 Piñera akamkabidhi Bachelet. Mwaka 2018 Bachelet akamkabidhi Piñera tena. Kiti kilekile, watu walewale wawili, miaka minane, hakuna risasi iliyolia. Sisi tuliona rais anayetoka akimkabidhi anayeingia kwa amani kwa mara ya kwanza tarehe 24 Januari 2019, na mnakumbuka tulivyokaa mbele ya televisheni, hata tusioamini hesabu za kura ile. Wao wamefanya mpaka wamechoka kushangaa.

Mfuko ule haukufa alipoingia Piñera. Kama Brazil: mpango wa Lula wa kuwapa familia maskini pesa kila mwezi, watoto wakienda shule, Bolsonaro aliubadilisha jina mwaka 2021, hakuthubutu kuufuta. Lula aliporudi 2023 akarudisha jina la zamani. Bolivia haikuwa na bahati hiyo. Akiba yake ya fedha za kigeni ilifika kama dola bilioni 15 mwaka 2014, wakati wa gesi. Mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya bilioni 2. Mwaka jana madereva wa malori walilala kwenye foleni za mafuta usiku na mchana, na chama kilichotawala karibu miaka 20 kiliambulia takribani asilimia 3 ya kura za urais. Yale mazuri waliyoyafanya kwa watu wa asili, na ni mengi, yamebaki bila mlinzi wa fedha.

Basi turudi Ruashi. Chile ni ya kwanza duniani kwa shaba, zaidi ya tani milioni 5 kwa mwaka. Sisi tuliipita Peru, ni wa pili, zaidi ya milioni 3. Mvua ikikatika, tokeni nje ya ukumbi huu mtaona vumbi la mgodi kabla hamjafika barabarani.

Na sheria tunayo. Kanuni ya migodi ya 2018 inasema mrabaha, ile pesa inayolipwa kwa kila tani inayouzwa, ugawanywe hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 komini, yaani manispaa, au eneo lenye mgodi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Someni tena hiyo ya mwisho. Mfuko wa vizazi vijavyo. Ni ndugu wa ule wa Velasco, umeandikwa kwa karatasi zetu wenyewe, bungeni kwetu. Hakuna mgombea aliyewahi kusimama mbele yangu, na nimehudhuria mikutano mingi ya kampeni, akaniambia kuna pesa ngapi ndani yake.

Nimezunguka, sasa namjibu yule kijana wa mlangoni, kwa maana aliniuliza pia kama mimi mwenyewe ni wa kushoto au wa kulia. Nikiwa Chile ningempigia kura Bachelet, na ningelia Allende alipokufa. Hapa, mgombea ajaye akija kwenye mtaa wetu, sitamuuliza kiti chake kiko upande gani wala bibi yake alizikwa wapi. Nitamuuliza bei ikianguka tena kama 2008, tutakula nini mwezi unaofuata.

Jumatatu mimi na wazee wawili tunakwenda ofisi ya komini kuomba kuonyeshwa hesabu ya ile asilimia 15, ya mwaka jana na ya mwaka juzi. Tumeandika barua, ina mihuri. Anayetaka kutusindikiza, tukutane hapa mlangoni saa tatu asubuhi, avae viatu vya matope. Nitakuja na daftari. Kurasa 11 za mwisho bado ni nyeupe.